Mali Bila Daftari: Cheti cha Kwanza cha Biashara na Mabinti wa Garissa



Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, kuna nyumba zinazopika pilau na kuna nyumba zinazoingia kimya. Katika nyumba za kimya, binti hujifungia chumbani, mama hujitia shughuli nyingi jikoni, na baba hutoka kwenda msikitini mapema kuliko kawaida yake. Alama ni D, na hakuna anayetaka kuitamka. Jirani akiuliza huambiwa, "Tunashukuru." Zikishapita wiki mbili tatu mashauri huanza, nayo aghalabu huwa mawili tu: ama binti arudie darasa, ama posa iliyokuwa ikisubirishwa sasa ikubaliwe.

Wiki hii tunataka kuzungumzia shauri la tatu, ambalo halitajwi sana vibarazani kwetu. Nalo ni kumpeleka binti chuo cha ufundi akasomee cheti cha kwanza cha biashara. Si shahada wala si diploma. Ni kile cheti cha mwanzo ambacho wazazi wengi hukidharau kwa kuwa hakina jina kubwa. Na tutalizungumza kwa kuitazama Garissa na Kaskazini Mashariki, kwa sababu huko ndiko haja ya cheti hiki inakoonekana waziwazi, na ndiko walivyojaa akina mama wanaofanya biashara kubwa bila karatasi hata moja.

Garissa si ugenini kwetu. Mto Tana unaoupita mji ule ndio huo huo unaokuja kumwaga maji yake baharini upande wa Kipini. Kaunti ya Garissa imepakana na Lamu. Madhehebu yetu ni moja, ya Imamu Shafi. Hata maneno ya sokoni tumeyachota kisima kimoja: sisi twasema hesabu, Wasomali husema xisaab, sisi deni, wao deyn, sisi faida, wao faa'iido, sisi hasara, wao khasaaro, sisi duka na soko, wao dukaan na suuq. Mama wa Garissa na mama wa Lamu wanaweza kushindwa kuelewana katika mambo mengi, lakini si katika kuuza na kununua.

Tusimlaumu binti kabla ya kujua alikotoka

Kabla hatujaiona ile alama ya D kuwa ni uvivu, yatupasa tuangalie njia aliyopita binti. Kaskazini Mashariki iliwekwa chini ya sheria za hali ya hatari mwezi Disemba 1963, mwezi ule ule ambao Kenya ilipata uhuru, na sheria hizo hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Kizazi kizima kilizaliwa, kikasoma na kuoa chini ya sheria hizo. Shule zilikuwa chache na za mbali, na familia za wafugaji zilihama pamoja na mvua.

Kisha kukaja msiba mwingine. Mwezi Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilivamiwa, wakauawa watu 28, na miongoni mwao walikuwamo walimu. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Mwezi Januari 2020 walimu waliuawa huko Kamuthe, katika kaunti hiyo hiyo ya Garissa, na baada ya hapo Tume ya Kuwaajiri Walimu ikawahamisha walimu wengi wasiokuwa wenyeji. Hatuwezi kumlaumu mwalimu aliyeihofia roho yake. Lakini pia hatuwezi kumlaumu mtoto aliyekaa miezi darasani bila mwalimu wa hesabu, kisha akapewa mtihani ule ule anaopewa mwenzake wa Nairobi. Binti aliyepata D katika hali hiyo pengine amefanya kazi kubwa kuliko tunavyodhani.

Cheti chenyewe ni kipi?

Nchini Kenya, tangu sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu ilipopitishwa mwaka 2014, masomo yote yamepangwa katika ngazi kumi. Shahada ya uzamifu iko juu kabisa. Diploma ni ngazi ya 6. Chini yake kuna ngazi ya 5, ambayo wengi huijua kwa jina la krafti, na ngazi ya 4, ambayo huitwa atisani. Ngazi ya 3 ni ya mwanzo zaidi.

Milango ya ngazi hizi iko wazi kuliko watu wanavyofikiri. Anayetaka diploma huhitaji kwa kawaida alama ya C- katika mtihani wa kidato cha nne. Krafti huhitaji D. Atisani humpokea hata aliyepata D- au E. Na aliyemaliza ngazi moja akafaulu anaweza kupanda inayofuata, kama apandaye ngazi ya nyumba: hakuna aliyefika darini kwa kuruka. Tumesikia wazazi wakisema, "Mwanangu ana D, basi hana pa kwenda." Usemi huo si wa kweli, na unamvunja mtoto moyo bure.

Mjini Garissa kuna Chuo cha Kitaifa cha Kaskazini Mashariki, North Eastern National Polytechnic, ambacho zamani kilikuwa chuo cha ufundi cha mkoa. Mwaka 2016 kilipandishwa hadhi, wakati mmoja na kile chuo chetu cha Mombasa ambacho leo huitwa Kenya Coast National Polytechnic. Wajir na Mandera nako kuna vyuo vya ufundi vya serikali. Kadhalika, chini ya Katiba ya mwaka 2010, kaunti ndizo zinazosimamia vyuo vidogo vya ufundi vya vijijini, ambavyo binti anaweza kuvifikia na kurudi nyumbani kabla ya magharibi.

Katika masomo ya biashara ya ngazi hizi, mwanafunzi hufundishwa mambo ambayo hayana ajabu yoyote: uwekaji wa hesabu, hesabu za biashara, mawasiliano na uandishi wa barua, kompyuta, ujasiriamali, sheria ya mikataba, uuzaji na utunzaji wa ghala. Baadaye hutumwa kufanya kazi kwa vitendo katika duka, ofisi au ghala. Zamani mitihani mingi ilikuwa chini ya Baraza la Mitihani ya Kitaifa. Siku hizi mitaala mingi imo chini ya baraza la TVET CDACC, ambalo humpima mwanafunzi kwa kile anachoweza kukifanya kwa mikono yake, si kwa kile alichokikariri usiku mmoja.

Lita ishirini za maziwa

Huenda msomaji akauliza: mama zetu wameuza na kununua miaka na miaka bila cheti, watoto wamesomeshwa, arusi zimefanywa, na watu wamekwenda hija. Cheti kitaongeza nini?

Tujibu kwa mfano. Tumchukue mama mmoja wa Garissa auzaye maziwa ya ngamia. Bei tunazozitaja ni za mfano tu, ili hesabu iwe nyepesi. Asubuhi amenunua lita 20 kwa wafugaji, kila lita shilingi 100, akalipa 2,000 papo hapo. Huuza lita moja kwa shilingi 140. Usafiri umemgharimu 120, ushuru wa soko 30, na kuni za kufukizia madumu 50, jumla 200. Hadi alasiri ameuza lita 14 kwa fedha taslimu. Lita 4 amewakopesha jamaa na majirani. Lita 2 zilizobaki amerudi nazo nyumbani, watoto wamekunywa.

Usiku mama huyu anahesabu fedha alizozipata: 14 mara 140 ni 1,960. Akitoa zile 200 za gharama anabaki na 1,760, ilhali asubuhi alitoa 2,000. Anaguna. Aona kama amepata hasara ya shilingi 240, na kesho hana mtaji kamili wa kurudia mzigo ule ule. Anawaza, je, biashara hii ina baraka kweli?

Sasa tumtazame binti yake aliyesoma mihula miwili tu ya uwekaji wa hesabu. Anachukua karatasi na kupiga mstari katikati. Mauzo, anaandika, ni lita 18, yaani 14 za taslimu na 4 za deni: jumla shilingi 2,520. Lita hizo 18 zilinunuliwa kwa 1,800. Faida ghafi ni 720. Akitoa gharama 200, faida halisi ni 520. Zile lita 2 za watoto si hasara ya biashara; ni matumizi ya nyumbani yenye thamani ya 200 kwa bei ya kununulia, na huandikwa pahali pake.

Hivyo mama hakupata hasara. Amepata faida ya shilingi 520, ila faida hiyo haimo mkobani. Lakini angalieni jambo moja: deni lililoko nje ni lita 4, yaani shilingi 560. Faida yote ya siku ni 520. Iwapo deni hilo litasahauliwa, au mdaiwa akikana, faida yote imekwenda na juu yake kuna hasara ya shilingi 40. Siku nzima ya jua la Garissa, vumbi na ushuru, inaning'inia kwenye majina ya watu wanne ambayo hayakuandikwa popote.

Hapo ndipo wahenga wetu walipotuambia: mali bila daftari hupotea bila habari. Haikuibwa, haikuungua, haikuzama. Imepotea tu, na mwenyewe hajui ilipopitia.

Daftari lisilosomeka

Mmoja wetu katika waandaaji wa jarida hili alilelewa kwa duka la vitambaa la mamake. Mama yule hakuwa mjinga wa hesabu. Aliweza kukutajia bei ya dira aliyoiuza miaka mitatu nyuma na jina la aliyeinunua. Tena alikuwa na daftari lake, la mistari, lenye jalada la bluu. Ndani yake hamkuwa na maneno. Mlikuwa na duara, misalaba midogo, vijiti vilivyopangwa vitano vitano, na pengine ua dogo pembeni mwa ukurasa. Alama hizo alizibuni mwenyewe na alizielewa vyema.

Alifariki mwezi wa Ramadhani. Siku ya tatu baada ya maziko alikuja mtu wa jumla akasema kwa adabu kwamba anamdai marehemu. Hakuwa na karatasi, na watoto hawakuwa nayo. Walifungua daftari la bluu, wakatazama yale maua na vijiti, wasijue ni lipi lake. Walilipa, kwa kuwa hapana mtoto atakaye mzazi wake alale kaburini na deni. Waliokuwa wakidaiwa na marehemu, baadhi yao walikuja wenyewe wakalipa, Allah awalipe kheri. Wengine hawakuja. Wala hatuwezi kusema kuwa walidhulumu, kwa sababu pengine nao walikuwa wakisubiri kuambiwa ni kiasi gani.

Tangu siku ile tulifahamu kwamba kuandika peke yake hakutoshi. Hesabu ni ile ambayo mtu mwingine anaweza kuisoma wakati wewe haupo. Na hilo, kwa ufupi, ndilo linalofundishwa katika kile cheti tunachokidharau: namna ya kuiandika biashara kwa mwandiko ambao mshirika, mrithi, benki, kadhi na hata mshindani wako wataukubali. Stakabadhi, ankara, leja na mizania ni lugha ya pamoja. Mama yetu alikuwa na lugha ya mtu mmoja, na alipoondoka akaondoka nayo.

Hili si geni katika dini yetu

Wako watakaoona haya kumwandikia ndugu yao deni. "Nimwandike mtoto wa mamangu mdogo kama mwizi?" Katika jamii za Kaskazini Mashariki, ambako ukoo ndio bima ya mtu siku ya ukame, haya hiyo ina uzito mkubwa zaidi. Lakini tukumbuke kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, aya ya 282 ya Suratul Baqara, haikuhusu vita wala ndoa. Inahusu kuandika deni. Humo waumini wameamrishwa waandikiane, mwandishi aandike kwa uadilifu, mdaiwa ndiye aseme na mwenziwe aandike, na watu wasichoke kuandika hata kama deni ni dogo. Amri hii wameelekezewa walioamini, watu wanaoaminiana. Kumbe kuandika si dalili ya kukosa imani kwa ndugu. Ni njia ya kuulinda undugu usije ukavunjwa na usahaulifu.

Tena kuna zaka. Mwenye mali ya biashara iliyofikia nisabu ikapitiwa na mwaka, imemlazimu kutoa moja ya arubaini, yaani asilimia 2.5. Ataitoaje asiyejua ana bidhaa za kiasi gani, fedha taslimu kiasi gani, na watu wanamdai kiasi gani? Wengi wetu hukisia. Hutoa mwezi wa Ramadhani noti kadhaa kwa masikini na nyoyo zetu zikatulia. Pengine tumetoa zaidi, na hiyo ni sadaka. Pengine tumetoa pungufu, na hiyo ni haki ya masikini iliyobaki kabatini mwetu. Kuhesabu mali mwisho wa mwaka, jambo ambalo mwanafunzi wa cheti hufundishwa mapema, ni ibada kabla ya kuwa elimu ya biashara.

Na kuna mirathi. Sote twajua kwamba deni la marehemu hulipwa kabla ya urithi kugawanywa. Lisilojulikana halilipiki, na palipo na giza katika hesabu ndipo ndugu wanapoanza kutazamana kwa jicho la shaka.

Bibi Khadija, Mama wa Waumini, radhi za Allah zimshukie, alikuwa mfanyabiashara wa Makka. Alimkabidhi mali Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kabla ya utume, aende nayo Sham, na akampa mtumishi wake Maysara afuatane naye. Maysara aliporejea alimweleza bibi yake aliyoyaona safarini. Biashara ya mwanamke mwenye heshima zake, yenye mtaji, wakala na taarifa kamili, si jambo lililoletwa na vyuo vya kisasa.

Mambo yanayowatia wazazi wasiwasi

Hatutaki kuificha mizigo iliyopo. Wa kwanza ni riba. Mwanafunzi atakuta sura zinazomfundisha kukokotoa riba ya benki. Wazazi huuliza, je, inafaa? Sisi si mamufti, na twawashauri mumuulize mwanachuoni mnayemwamini. Lakini lipo la kuzingatia: asiyejua jinsi riba inavyohesabiwa hawezi kuitambua inapofichwa ndani ya mkataba wenye maneno matamu. Ama kuajiriwa kuandika mikataba ya riba, hilo ni suala jingine lenye onyo kali katika hadithi za Mtume, na binti alijue tangu mwanzo. Alhamdulillah, nafasi zipo. Mwaka 2008 Gulf African Bank na First Community Bank zilifungua milango zikiwa benki za kwanza nchini zinazofuata sheria ya Kiislamu kikamilifu, na leo watu wa murabaha na mudharaba wanahitaji waweka hesabu kuliko hata watu wa riba, maana huwezi kugawana faida ambayo hukuiandika.

Wa pili ni karo. Serikali hugawanya gharama katika ufadhili, mkopo na mchango wa familia. Mkopo hurejeshwa pamoja na nyongeza, na familia nyingi za Kiislamu huukwepa kwa sababu hiyo. Basi wazazi waulize mapema kuhusu ufadhili usiorejeshwa, na kuhusu basari za kaunti na za hazina ya maeneo bunge. Nao akina mama wa Garissa wana ayuuto, ambayo wengine huiita hagbad, na sisi huku tunaiita mchezo: kila mmoja huweka fungu, na kila zamu mmoja hulichukua lote bila ziada. Zamu moja ikipangwa ifike mwanzo wa muhula, karo imepatikana bila riba wala kuomba.

Wa tatu ni usalama na sitara. Ulizeni bweni la wasichana likoje na nani anayelilinda, njia ya kwenda na kurudi ikoje, na mafunzo ya kazi yatafanyika wapi. Duka la shangazi anayeaminika, ghala la mjomba au ofisi ya shule ya jirani yaweza kuwa bora kuliko kampuni ya mbali isiyojulikana, alimradi chuo kikubali.

Wa nne ni vyuo vya vichochoroni. Kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisheni kwamba chuo kimesajiliwa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi, TVETA, na kwamba kozi yenyewe imeidhinishwa, si chuo tu. Ulizeni cheti kitatolewa na nani. Chuo kikijibu kwa kuzungukazunguka, shikeni mikoba yenu muondoke.

Na sisi mama zao je?

Mlango huu si wa mabinti pekee. Kenya imeanzisha utaratibu wa kutambua ujuzi alioupata mtu nje ya darasa, ili aliyefanya kazi miaka mingi apimwe na apewe cheti kinachoendana na ujuzi wake. Mama aliyeuza nguo katika soko la Garissa miaka ishirini, akalea ayuuto ya wanawake thelathini bila senti kupotea, ana elimu. Hana karatasi tu. Katika Isiolo, ushirika wa wanawake wa Anolei hukusanya maziwa ya ngamia kutoka kwa wafugaji na kuyapeleka Nairobi hadi Eastleigh. Biashara ya namna hiyo haiendeshwi kwa kumbukumbu ya mtu mmoja.

Yatupasa pia tuseme kweli kuhusu ukomo wa cheti hiki. Hakimhakikishii binti ajira. Kaskazini Mashariki kazi za ofisini ni chache, na wenye diploma na shahada nao wanazitafuta. Mzazi atakayempeleka mwanawe akitazamia mshahara mwishoni mwa mwaka anaweza kuvunjika moyo. Lakini familia yenye duka, mifugo, maziwa, uwakala wa M-Pesa au hata ayuuto tu, tayari ina kazi ambayo haina mtu wa kuifanya. Nayo ni kazi ya kuandika.

Kwa hiyo, wazazi wenzetu, matokeo yatakapotoka tena na nyumba ikaingia kimya, msikae muda mrefu katika kimya hicho. Na posa ikija, haizuii kitu: wapo waume wema wanaokubali masomo yawe sharti, na sharti hilo nalo liandikwe.

Wala hatuhitaji kusubiri muhula mpya. Usiku huu, baada ya isha, kaeni mkekani, mama na binti. Nunueni daftari la shilingi chache. Mama aseme: nani amechukua, nini, kiasi gani, atalipa lini. Binti aandike kwa maneno yanayosomeka. Kisha amsomee mama alichokiandika, na mama akubali au asahihishe. Fanyeni hivyo siku saba. Mkiona mmegundua fedha ambazo hamkujua kuwa ni zenu, au deni ambalo hamkujua kuwa mnadaiwa, basi mtakuwa mmekwisha kupata somo la kwanza la cheti, na mtajua kama binti yenu analipenda.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azitilie baraka biashara za mama zetu wa Garissa, Wajir na Mandera, na za pwani yetu yote. Awarehemu waliotangulia mbele ya haki na hesabu zao zikiwa vifuani mwao, awalipie madeni yao kwa ukarimu Wake, na awape mabinti zetu elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.